Uzi maalumu: Fundi sauti wa kikundi cha densi kinachozunguka (faili, monita za pembeni, maiki za miguu, safari)

FundiWaPembeni

Wakuu, maswali ya sauti za densi yamekuwa yakiulizwa kwenye nyuzi za bendi na kupotelea humo. Tuyahamishie hapa. Ninachozungumzia ni kikundi cha wachezaji wanane hadi ishirini, muziki mwingi umerekodiwa, labda wapiga ngoma wawili watatu wapo jukwaani, na kila baada ya siku chache mnaingia ukumbi mwingine wenye mitambo ya mwenyeji.

Anayetoka kwenye bendi huja na mazoea ya kumfikiria msikilizaji wa ukumbini kwanza. Kwenye densi, wa kwanza kuhudumiwa ni mchezaji. Hadhira ikiletewa besi iliyozidi kidogo itavumilia. Mchezaji wa mstari wa nyuma akiletewa mdundo uliochelewa, mstari wote unapinda na kila mtu anaona, hata asiyejua sababu.

Hesabu yake ni hii. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20, yaani karibu milisekunde 2.9 kwa kila mita. Spika kuu zinatazama viti, hazitazami wachezaji, kwa hiyo kinachowafikia wao ni mabaki ya sauti pamoja na mwangwi wa ukuta wa nyuma. Ukuta ukiwa mita 30 kutoka ukingo wa jukwaa, kwenda na kurudi ni mita 60, sawa na milisekunde 175. Wimbo wa midundo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kati ya mdundo na mdundo. Mwangwi basi unaanguka zaidi ya theluthi moja nyuma ya mdundo halisi, na aliye ndani kabisa ya jukwaa anaweza kuufuata huo akidhani ndio wenyewe. Ukipandisha spika kuu, mwangwi nao unapanda. Dawa ni monita za pembeni, yaani spika zinazowaelekea wachezaji, zenye nguvu ya kuufunika.

Kwa jukwaa la upana wa mita 12 na kina cha mita 10, omba spika 4 za modeli moja, za inchi 10 au 12. Nafasi kati ya pazia na pazia pembeni mwa jukwaa, wachezaji wanapoingilia na kutokea, hapa nitaiita kichochoro. Weka spika mbili kwenye kichochoro cha kwanza (cha mbele), moja kila upande, na mbili kwenye cha tatu au cha mwisho. Zitazame upande wa pili wa jukwaa, na zigeuzwe kidogo kuelekea ndani ili zisimwage sauti kwenye viti vya mbele.

Mambo manne kuhusu hizo monita ambayo watu hukosea mara kwa mara:

Ya kwanza, mono. Ukipeleka kushoto na kulia kama zilivyo kwenye wimbo, mchezaji wa upande wa kulia anapoteza kila chombo kilichowekwa kushoto, na huenda hicho ndicho anachohesabia. Jumlisha pande zote mbili na upeleke kila spika kitu kilekile. Sikiliza jumla hiyo mapema, kwa sababu kuna rekodi ambazo ala zake hukatana zikijumlishwa, hasa vinanda vilivyopanuliwa kwa athari za kielektroniki.

Ya pili, urefu. Spika ikikaa sakafuni, mwili wa mchezaji wa kwanza unawazibia wenzake. Ikikaa kwenye stendi ya miguu mitatu ndani ya kichochoro, kuna siku mtu atatoka mbio gizani na kuikumba. Mahali salama ni kwenye bomba lilelile la taa za pembeni, juu ya mita 2, imefungwa kwa klampu na mnyororo wa usalama, ikiinamishwa nyuzi 15 hadi 20 hivi. Zungumza na fundi taa kabla hajamaliza kupanga, kwa sababu akishafunga taa zake hutapata nafasi tena.

Ya tatu, ikwalaiza. Kata chini ya hezi 100, kwani besi ya sabufa (spika ya besi) inafika jukwaani hata bila kuitwa. Punguza kidogo kati ya 250 na 400 ambako sauti hujaa ukungu. Ongeza desibeli 2 au 3 kwenye hezi 2,000 hadi 3,000 ili ncha ya mdundo isikike. Mchezaji anaposema "hatusikii", mara nyingi anakosa ncha hiyo, sauti kwa ujumla inamtosha.

Ya nne, njia ya mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) inayolisha monita iwe ya kabla ya feda, yaani isifuate kitelezi cha kupandishia sauti. Ukumbi ukijaa watu utapandisha spika kuu, na jukwaa halitakiwi kuhisi mabadiliko hayo katikati ya onyesho.

Mikisa32

Naunga mkono, hasa hilo la mono. Naongezea upande wa faili, maana hapo ndipo maonyesho mengi huharibikia kabla hata ya kuwasha spika.

Tumia WAV, biti 24, kilohezi 48 (yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde), wimbo mmoja faili moja. MP3 inaongeza kipande cha ukimya mwanzoni na mwishoni wakati wa kubanwa. Kwa msikilizaji wa kawaida si kitu, lakini kwa kipande kinachorudiwa mfululizo utasikia pengo kila kinapoanza upya, na kwa tendo linaloanza pamoja na sauti ya kwanza, mguu utatangulia muziki. Kata ukimya wote wa mwanzo, acha sekunde 2 mwishoni.

Kosa la kilohezi linastahili kuelezwa kwa tarakimu. Faili ya 44.1 ikichezwa na mashine iliyofungwa kwenye 48 bila kubadilishwa, muziki unakimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda karibu semitoni moja na nusu. Wimbo wa dakika 5 utaisha sekunde 24 mapema. Programu nyingi za kompyuta hubadilisha zenyewe. Virekodi na vicheza faili vidogo vya mezani ndivyo vinavyosaliti. Geuza kila kitu kuwa kiwango kimoja nyumbani, si siku ya onyesho.

Majina ya faili: namba ya tendo, jina, kasi, tarehe ya toleo. Mtunzi wa densi akituma "mwisho_mwisho_kabisa2" mpe jina upya papo hapo, na toleo la zamani lihamie folda nyingine ili lisionekane kwenye skrini ya kazi.

Viwango: kwa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), wimbo wa kisasa unaweza kusoma LUFS -8, na rekodi ya zamani ya ngoma LUFS -20. Hiyo ni tofauti ya desibeli 12. Shusha ule wenye kelele ndani ya programu. Ukiusukuma ule mpole hadi ugonge dari unaua nafasi kati ya pigo na pigo, na wachezaji wanaitegemea nafasi hiyo. Kipimo cha LUFS ni pa kuanzia tu. Uamuzi wa mwisho ni masikio, kupitia spika za ukumbi husika.

Programu: kwa Mac wengi hutumia QLab. Kwa Windows kuna Show Cue System na Multiplay, na kwa Linux kuna Linux Show Player. Yoyote utakayochagua, weka muda wa chini kati ya kubonyeza na kubonyeza, sekunde 1 au 2, ili kidole kikigusa kitufe mara mbili kisirushe tendo zima. Na mabadiliko ya sauti yaandikwe humo: kutoka kiwango gani, hadi kipi, kwa sekunde ngapi. Mtunzi akisema "ishuke taratibu", muulize sekunde. Kwa wengine taratibu ni sekunde 3, kwa wengine 20.

Kijana_wa_Kebo

Shikamooni wakuu. Nina maswali mawili. Laptopu moja na simu kama akiba inatosha? Na kadi ya sauti, ile bafa niweke ngapi? Kwenye uzi wa kurekodi wanasema 64.

Mikisa32

Marahaba kijana. Tuanze na bafa, yaani idadi ya sampuli ambazo kompyuta huandaa kabla ya kuzicheza. Wanaorekodi wanaishusha hadi 64 kwa sababu mwimbaji anajisikiliza kupitia kompyuta. Wewe unacheza faili tu, hakuna anayejisikia humo. Weka 512 au 1024. Mashine inapata muda wa kupumua na mikwaruzo inapungua. Kuchelewa kwa milisekunde ishirini kati ya kidole na sauti hakuna atakayekugundua.

Simu si akiba ya katikati ya onyesho. Akiba ya kweli inacheza sambamba: kompyuta A na B zinapokea amri moja kutoka kwenye kitufe kimoja (MIDI au mtandao wa kebo), zote zinatembea pamoja, na B imezimwa sauti kwenye mikisa. A ikifa, unazima A na kufungua B mahali palepale wimbo ulipofika. Kwenye mikisa ya kidijitali weka makundi mawili ya kuzimia, au sini mbili (mipangilio iliyohifadhiwa), ili iwe kubonyeza mara moja. Vipo visanduku vinavyobadilisha vyenyewe, kwa mfano Radial SW8: unaipa sauti ya kudumu kwenye chaneli moja kutoka A, sauti hiyo ikikatika kisanduku kinahamia B bila kukusubiri. Hakikisha tu hiyo chaneli ya mlio haijaunganishwa popote kwenye spika. Linasikika jambo dogo, lakini limewahi kupasua masikio ya ukumbi mzima.

Kabla ya kila onyesho, kwenye kompyuta zote mbili: zima Wi-Fi na Bluetooth, taarifa za ibukizi, masasisho ya kujiendesha, kulala kwa skrini na kwa diski. Sauti za mfumo zipeleke kwenye spika ya ndani ya kompyuta, si kadi ya sauti. Diski iwe SSD; diski ya kuzunguka ikiwekwa juu ya meza iliyo karibu na sabufa hutetemeka na kusita kusoma. Kebo ya USB ifungwe kwa gafa tepu kwenye meza pande zote mbili.

BiMtambo

Wanangu mmeongea vizuri, ila mmesahau mazoezi. Kwenye ziara saa za mazoezi ni nyingi kuliko za onyesho, na fundi asiyejua kutafuta mahali kwenye wimbo anawapotezea wachezaji joto la mwili.

Wachezaji wanahesabu kwa nane, yaani mafungu ya midundo minane. Mwalimu atasema "tuanze nane ya tisa" na atatarajia muziki kabla hajamaliza kugeuka. Kanuni: toa moja kwenye namba ya nane, zidisha kwa 8, zidisha kwa 60, gawa kwa kasi. Kwa wimbo wa midundo 96 kwa dakika, nane moja ni sekunde 5 kamili, kwa hiyo nane ya tisa inaanza sekunde ya 40. Kwa midundo 120, nane moja ni sekunde 4. Lakini msikae mnapiga hesabu pale. Fungueni wimbo kwenye programu ya kuhariri, wekeni alama kwenye kila nane ya nne, ziandikwe kama mwalimu anavyoziita ("kuanguka", "duara la pili", "wanawake wanaingia"), na mbonyeze kutoka nane moja kabla ya mahali alipoomba ili wapate kuingia. Kama wimbo una utangulizi usio na mdundo, hesabu inaanzia pale mwalimu anapoanzia kuhesabu. Muulizeni, msikisie.

Muwe pia na toleo la polepole la asilimia 85 na la 92, zimetengenezwa mapema bila kushusha ufunguo. Mwalimu apewe maiki yake ya mkononi, iende kwenye monita za pembeni peke yake, na muziki ushuke desibeli 10 wenyewe anapoongea. Hiyo inaokoa koo lake na uvumilivu wa kila mtu.

Na kuhusu ratiba: onyesho likiwa saa 2 usiku, mitambo inaingia saa 3 asubuhi au mapema zaidi. Dai dakika 45 za ukimya kwa ajili ya sauti kabla ya wachezaji kupasha mwili joto, kwa kawaida kati ya saa 6 na saa 7 mchana wakati mafundi taa wamekwenda kula. Zikipita hizo hutazipata tena, kwa maana baada ya hapo kuna darasa la saa moja na nusu, kupanga nafasi jukwaani, kisha mazoezi ya kiufundi. Na darasa lenyewe linahitaji muziki, kwa hiyo monita za pembeni ndizo za kwanza kuungwa, spika kuu baadaye.

NyayoZaMbao

Hodi. Kuna kundi linalocheza kwa viatu vyenye chuma kwenye soli au kwa kukanyaga, na huko miguu ni ala. Njia ziko tatu na kila moja ina ugonjwa wake.

Maiki za kulala sakafuni. Crown PCC-160 imetumika sana kwa kazi hii. Kwa jukwaa la mita 12 weka 3 kwenye ukingo wa mbele, moja katikati na nyingine umbali wa mita 3.5 au 4 kila upande, kila moja juu ya kipande chembamba cha sponji nzito ili mtikisiko wa mbao usipande moja kwa moja kwenye kapsuli (kichwa cha maiki kinachopokea sauti). Kata chini ya hezi 120. Sauti ya chuma iko zaidi kati ya hezi 2,000 na 6,000. Ugonjwa wake: zinachukua pia monita za pembeni. Kila unapoongeza maradufu idadi ya maiki zilizo wazi unapoteza desibeli 3 kabla ya mluzi (sauti ya spika kurudi kwenye maiki na kupiga kelele) kuanza, kwa hiyo maiki 6 hazikupi sauti zaidi ya 3, zinakupa mluzi mapema. Fungua zile tu ambazo wachezaji wapo mbele yake kwa tendo hilo.

Maiki za kifundoni. Maiki ndogo ya kubandika, kapsuli ikitazama chini, sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, imefungwa kwa tepu ya hospitali isiyounguza ngozi. Kisambazaji (kifaa kinachorusha sauti ya maiki kwa redio) kinakaa kwenye mkanda wa neoprini, chini ya goti au kiunoni. Chagua kapsuli yenye usikivu mdogo: DPA 4061 ina milivolti 6 kwa paskali, 4060 ina 20, na kwa pigo la chuma karibu hivyo 4060 inajaza kisambazaji mapema. Mwambie mchezaji apige pigo lake kali kuliko yote, kisha shusha gaini mpaka zibaki desibeli 12 za nafasi. Kwenye mazoezi watu hupiga nusu nguvu, kwa hiyo usipime kwa mazoezi. Ugonjwa wake: suruali pana inayofagia kapsuli, na jasho. Kebo ishuke chini ya kisambazaji kwanza halafu ipande kuingia, ili jasho lidondoke kwenye mkunjo na lisiingie kwenye plagi. Kisambazaji chenyewe kivishwe kondomu isiyo na mafuta. Msicheke, ndiyo kazi inavyofanyika.

Miguu mitupu haina chuma na maiki za sakafuni zitakupa upepo tu. Hapo bandika maiki ya mguso, ile ya piezo, chini ya mbao za jukwaa la kuchezea, mbili au nne, ukitumia DI (kisanduku cha kuunganishia ala na mikisa) yenye ukinzani wa kuingilia wa megaomu 1 au zaidi. DI ya kawaida inaimeza besi yote na unabaki na sauti ya kopo. Hizi hazipigi mluzi kirahisi, lakini zinapokea kila kitu kinachogusa sakafu, pamoja na fundi anayeburuta sanduku nyuma ya pazia.

FundiWaPembeni

Asante mkuu. Kwa wapiga ngoma wa jukwaani naongeza haya: maiki ya dainamiki, sentimita 5 juu ya ukingo wa ngozi, imeinamishwa kuelekea katikati. Ngoma kubwa iliyo wazi chini ipate ya pili chini, na hiyo igeuzwe polariti (wimbi lake lipinduliwe juu chini), la sivyo ya juu na ya chini zinakatana na ngoma inakuwa nyembamba. Kama ngoma zinapigwa pamoja na muziki uliorekodiwa, mlio wa kuhesabia uende kwenye sikio la mpiga ngoma kiongozi peke yake. Panga matokeo ya kadi ya sauti hivi: 1 na 2 muziki, 3 mlio, 4 maelekezo ya mdomo. Chaneli ya 3 isipewe kabisa njia ya kwenda kwenye spika kuu, wala isiachwe wazi feda ikiwa chini.

Pia ninapendekeza spika kuu zicheleweshwe milisekunde 10 hadi 15 ili zilingane na sauti ya jukwaani.

NyayoZaMbao

Hapo kwa heshima zote sikubaliani, angalau si kwa kila onyesho. Muziki ukiwa wa kurekodiwa tu, ukichelewesha spika kuu mchezaji hafaidiki chochote, na mwangwi wa ukuta wa nyuma nao unachelewa zaidi kwa kiasi hichohicho. Unatengeneza ule ugonjwa uliouanzishia uzi.

FundiWaPembeni

Lakini viti vya mbele vinasikia monita za pembeni na spika kuu kwa nyakati mbili.

NyayoZaMbao

Vinasikia, na suluhisho ni kugeuza monita zitazame ndani na kuweka spika ndogo za ukingo wa jukwaa kwa safu mbili za kwanza. Kuchelewesha kuna maana pale tu jukwaani pana sauti halisi inayofika kwa watu: ngoma za mikono, chuma cha viatu, makofi. Hapo pima umbali kutoka mstari wa spika kuu hadi chanzo, zidisha kwa 2.9, ongeza milisekunde 3 hadi 5. Sikio linaiamini sauti iliyofika kwanza, kwa hiyo hadhira itaona pigo linatoka kwenye mguu na si kwenye spika. Mita 4 ni kama 12, ukiongeza unapata 15 hadi 17. Kwa hiyo tarakimu yako ni sahihi, ila kwa aina moja ya onyesho.

FundiWaPembeni

Nimekuelewa, na kwa onyesho la faili tupu naiondoa. Wasomaji, chukueni ya NyayoZaMbao.

Kebo_Ndefu

Upande wa safari, kwa ufupi maana ni mambo ya karatasi zaidi.

Redio: masafa ya maiki zisizo na waya hayafanani nchi na nchi. Marekani ilifunga sehemu kubwa ya megahezi 600 kwa maiki tangu Julai 2020, na Ulaya megahezi 694 hadi 790 zimekwenda kwenye simu. Intakomu (za mafundi kuongea) za DECT, redio ya aina ya simu zisizo na waya, ndizo mtego: za Ulaya zinatumia 1880 hadi 1900, za Marekani 1920 hadi 1930, na kuvusha ya upande mmoja kwenda upande mwingine ni kosa la kisheria. Mwandikie mwenyeji akupe masafa yaliyoruhusiwa, kisha uchanganue mwenyewe ukumbini. Vifaa vya gigahezi 2.4 vinafanya kazi vizuri saa 10 jioni ukumbi ukiwa mtupu, halafu watu mia tano wanaingia na simu zao. Na Bluetooth usiitumie hata kwa darasa la asubuhi, inaweza kuchelewa milisekunde 100 hadi 200.

Ndege: betri za lithiamu za akiba na benki za umeme ziende kwenye mzigo wa mkononi, hadi saa-wati 100 kila moja bila kuomba ruhusa ya shirika. Kompyuta A na B zisisafiri kwenye begi moja. Kwa mpaka unaokubali hati ya ATA Carnet (ya kuvusha vifaa kwa muda bila kulipa ushuru), orodha iwe na namba ya kila kifaa. Hati hudumu hadi mwaka 1, na kifaa kilichoandikwa lazima kirudi nacho.

Umeme: soma kila adapta, yenye "100–240 V" ni salama popote. Mikisa ya kidijitali ikipoteza umeme kwa nusu sekunde inaweza kuchukua dakika nzima kuwaka tena, kwa hiyo iweke pamoja na kompyuta kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) ya VA 1000 hivi. Spika usiziweke hapo, zitaimaliza. Spika zinawashwa mwisho na kuzimwa kwanza.

Mngurumo unaotoka kwenye laptopu: chomoa chaja. Ukiondoka, tatizo ni mzunguko wa ardhi. Weka DI yenye transfoma na ubonyeze swichi ya kukata ardhi ya mawimbi. Pini ya ardhi ya plagi haikatwi kamwe.

Kebo: zipite nyuma ya pazia la mwisho na kando ya ukuta, zisivuke mdomo wa kichochoro. Pasipo njia nyingine, ziende sakafuni zimefunikwa tepu kwa urefu wote na kipande cha zulia juu. Wengine wanatoka hapo pekupeku.

Kijana_wa_Kebo

Na nje, uwanjani? Hakuna ukuta wa kurudisha mwangwi, si ndiyo rahisi zaidi?

Mikisa32

Mwangwi unaondoka, lakini na kuta zilizokuwa zinasaidia monita zinaondoka pia. Omba 6 badala ya 4, na vichochoro vikiwa havina mapazia zisogeze karibu zaidi. Upepo unayumbisha masafa ya juu ya spika za mbali. Joto nalo lina sehemu yake: kwenye nyuzijoto 10 sauti inakwenda mita 337 kwa sekunde, kwenye 35 inakwenda 352, kwa hiyo spika za nyongeza zilizo mita 40 kutoka jukwaani ukizipanga mchana na onyesho likawa usiku wa baridi, zinakosea kwa milisekunde 5 hivi. Panga upya jioni. Laptopu ikikaa juani inapunguza kasi kujilinda na muziki unaanza kukatika. Kivuli chake kiwe cha kwanza kufungwa, chako cha pili.

Kijana_wa_Kebo

La mwisho. Muziki ukikatika kabisa, A na B zote?

BiMtambo

Usibonyeze chochote kwanza. Anayeamua ni meneja wa jukwaa. Wachezaji wazoefu wanaendelea kuhesabu kimya kimya kwa nane mbili tatu, na ukirudisha muziki mahali popote unapokisia unawavunja kuliko ukimya. Kila tendo liwe na alama 3 au 4 za kuanzia upya, mlizokubaliana na mwalimu kwenye mazoezi, zimeandikwa kwenye karatasi ya fundi sauti, ya fundi taa na ya meneja, kwa majina yaleyale. Meneja anataja alama, taa zinashuka, wachezaji wanajipanga, unaanza kutoka hapo. Na hapo simu yako uliyouliza juu ina kazi: nyimbo zote ziwe humo zikiwa zimekatwa kuanzia kila alama, simu ikiwa kwenye hali ya ndege, na kebo yake imekwisha kuungwa kwenye chaneli yake ya mikisa, feda chini. Gaini yake ipimwe wakati wa saundi cheki, maana simu hutoa sauti ndogo kuliko kadi na hutakuwa na muda wa kuitafuta.